Chumvi Inayoila Corvette kwa Ndani

Kila majira ya baridi majimbo ya kaskazini mwa Marekani humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. New Hampshire ilianza kuijaribu mwaka 1938. Chumvi hiyo huokoa maisha, sibishi. Ila magari ya kale ndiyo yanayolipia, na Chevrolet Corvette huficha maradhi yake kuliko mengi.

Tangu 1953 bodi yake ni ya faibaglasi, haishiki kutu. Lakini chini ya Corvette za kale kuna chasisi ya chuma. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, kwa hiyo kutu huenda mbio. Yakipenya ndani ya fremu yenye uwazi, hutuama pamoja na matope, hasa mbele ya magurudumu ya nyuma. Chuma kinaoza, juu rangi inang'aa, na mnunuzi anatoa pesa!

Nasema wazi: muuzaji akikataa gari linyanyuliwe na fremu igongwe kwa nyundo, usimpe hata senti. Na aliye nalo asiliendeshe mpaka mvua iisafishe lami.