Anayeacha Sigara Asiachwe Peke Yake

Kila Oktoba tangu 2012, wavutaji wa Uingereza huhimizwa kupitia kampeni ya Stoptober kukaa siku 28 bila sigara. Anayezimaliza huongeza mara 5 uwezekano wa kuacha kabisa. Mimi naona nguvu ya kampeni hii ni kuanza pamoja.

London iliutambua ukweli huo mapema. Kliniki ya wavutaji ya hospitali ya Maudsley, kusini mwa jiji, iliwaweka watu katika vikundi. Waliacha sigara wote siku ile ile, wakapimwa kaboni monoksidi katika pumzi zao, wakatiana moyo wiki baada ya wiki. Utashi peke yake huchoka, hasa siku za mwanzo, nikotini inapodai chake.

Sisi Waswahili wa hapa London tuna kosa moja linaloniuma. Mtu akisema ameacha, tunamwambia, "Utarudi tu!" Akiteleza, anajificha. Ndugu zangu, tuache maneno hayo. Mpigie simu usiku, usiwashe sigara mbele yake, na akiteleza mwambie aanze tena kesho. Ushauri wa kuacha sigara hutolewa bure kupitia halmashauri nyingi za London: msindikize.