Mzigo Ulio Kando ya Moyo



Asubuhi hii natazama moyo. Si ule tunaouimbia kanisani, bali huu wa nyama, udundao kifuani usiku na mchana. Wengi katika makanisa yetu wana kisukari cha aina ya pili, nao hudhani adui ni sukari ya kwenye chai peke yake. Kumbe ugonjwa huu huudhuru sana moyo.

Mwaka 2011 madaktari wa Leiden, huko Uholanzi, walieleza habari za watu 15, wanene, wenye kisukari hicho. Kwa miezi 4 walikula chakula cha kalori 500 tu kwa siku, ilhali mtu mzima huhitaji yapata 2,000. Wakakonda sana. Lakini mashine ya kupiga picha ilionyesha jambo lisiloonekana kwa macho: mafuta yaliyouzunguka moyo yalipungua kutoka mililita 39 hadi 31, na moyo ukafanya kazi vizuri zaidi. Miezi 14 baadaye, wakiwa wamerudia chakula cha kawaida, sehemu ya unene ilikuwa imerudi, lakini mafuta yale yalikuwa mililita 32 tu.

Basi wewe uliyejinyima, kisha ukanenepa tena kidogo, usiseme umetaabika bure. Huenda moyo wako bado unafaidi.

Lakini wala usitupe dawa zako. Huko Marekani, watu zaidi ya 5,000 wenye kisukari walifuatwa kwa miaka mingi. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliopunguza chakula na kufanya mazoezi walipungua uzito, ila mishtuko ya moyo na kiharusi havikupungua kuliko kwa wenzao. Kujinyima ni msaada. Si mahali pa matibabu.

Tena usijinyime kwa siri. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge, akiacha kula ghafula, sukari yake yaweza kushuka hata akazimia. Wale wa Leiden walikuwa mikononi mwa madaktari. Mwone daktari wako kabla ya kufunga, hata Kwaresima.

Mkumbukeni Danieli, katika sura ile ya kwanza. Alipotaka kula mboga na kunywa maji, hakujificha. Alimwomba msimamizi awajaribu siku 10, kisha awakague nyuso zao. Imani yake haikuogopa kupimwa.

Nanyi mnaopakua chakula nyumbani, baba akisema ameshiba, msimwongezee ugali mkidhani huo ndio upendo. Mwacheni aondoke mezani kwa amani.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuumba, utupe kiasi mezani, na unyenyekevu wa kukubali kuangaliwa. Amina.