Kazi ya Kila Mwezi ya Kamati ya Maktaba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Isikizya)



Mwandishi wa chama aliponiarifu ya kuwa natakiwa kunena juu ya maktaba, nalijua kwamba wengi watatazamia hotuba ya kusifu elimu. Elimu imekwisha kusifiwa sana, wala simwoni katika chumba hiki mtu aipingaye. Basi leo nitaacha sifa hizo, niseme juu ya mambo madogo yasiyopendeza sana masikioni: saa za kufungua mlango, funguo, daftari, hesabu, na vitabu vilivyopotea. Hayo ndiyo kazi ya kila mwezi ya kamati iangaliayo maktaba ya mji mdogo, na mimi naamini ya kuwa maktaba ya namna hiyo huishi au hufa katika mambo hayo.

Jambo lenyewe si geni kwetu sisi watumishi. Mwaka 1922 wenzetu wa Tanga, Martin Kayamba akiwa mbele yao, waliunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika, nao walikuwa watu wa kalamu na karatasi kama sisi. Mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo likaanza kutolewa kwa Kiswahili. Baada ya uhuru, mwaka 1963, ilipitishwa sheria ya kuanzisha huduma za maktaba za Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere, ambaye katika ujana wake alisoma na kisha kufundisha Tabora, aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa katika Dar es Salaam. Mwaka 1975 ikatungwa sheria nyingine, nayo Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ikapewa dhamana ya kuanzisha, kuendesha na kustawisha maktaba za umma katika nchi.

Hivyo sheria tunayo, na Bodi ya Taifa tunayo. Maktaba ya Mkoa nayo iko Tabora mjini. Walakini Bodi iliyoko Dar es Salaam haiwezi kujua kwamba kufuli ya kabati letu imeharibika, wala kwamba mvua ya jana imepenya juu ya rafu ya vitabu vya hesabu. Mambo hayo huwapasa watu wa mahali penyewe. Isikizya ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui. Ni mji wa ofisi, na mji wa ofisi haukosi watu wajuao kuandika kumbukumbu za mkutano. Ikiwa tuna chumba kimoja chenye kabati 3, au ikiwa siku moja tutakuwa na jumba kubwa, kazi ya kamati ni ile ile.

Nitaieleza kwa ufupi. Kamati yapasa iwe ndogo, watu 7 wanatosha, nao wasiwe wote watumishi wa serikali. Awemo mwalimu, awemo mfanyabiashara wa sokoni, awemo mkulima, na wanawake wasiwe wachache. Ikutane mara moja kila mwezi, siku inayojulikana, hata kama hapana jambo kubwa, kwa sababu kamati inayongoja jambo kubwa hukutana siku ya msiba tu. Mwenye kutunza maktaba alete taarifa yake katika karatasi moja: wasomaji wangapi waliingia, vitabu vingapi viliazimwa, vingapi vilirudi, vingapi vimepita siku zake, na vitabu gani viliulizwa visipatikane. Mtunza hazina aseme fedha zilizoingia na zilizotoka. Kisha kamati iamue, na maamuzi yaandikwe pamoja na jina la mtu atakayeyatimiza. Uamuzi usio na jina la mtu ni sawa na mzigo uliotuliwa njiani, kila mpagazi akidhani ni wa mwenziwe.

Sasa nije kwenye saa za kufungua. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Maktaba ikifuata saa hizo hizo, mtumishi hataiona ila imefungwa, na mtoto wa shule vivyo hivyo. Kamati yenye akili itaanza kazi ya maktaba mchana na kuimaliza jioni, nayo itafungua Jumamosi. Hilo halihitaji fedha nyingi. Lahitaji taa, na mtu aliyepangiwa zamu. Saa zikishapangwa zibandikwe mlangoni, tena zishikwe. Msomaji aliyetembea kutoka kijijini akakuta mlango umefungwa katika saa iliyotangazwa huenda asirudi tena, naye atawaambia wengine.

Juu ya kuchagua vitabu nitasema neno moja tu. Daftari la maombi liwekwe mezani, kila mtu aandike kitabu anachokitaka, na kamati ilisome kila mwezi kabla ya kununua au kuomba kitu. Katika mkoa huu watu hulima tumbaku na kurina asali. Mwenye mizinga hukosa usingizi kwa mambo ambayo yamekwisha kuandikwa na wataalamu. Vitabu vya Kiswahili viwe vingi, na vya watoto viwe karibu na mlango, katika rafu ya chini wanayoweza kuifikia. Kamati isipokee kila kitabu cha msaada kwa sababu ni cha bure. Kitabu asichokitaka mtu hula nafasi ya kitabu kinachotakiwa, na vumbi lake hufutwa kwa mshahara ule ule.

Mabibi na Mabwana, haya yote ni mepesi. Liko jambo moja lililo zito, na kwa ajili ya hilo nimekuja.

Sisi makarani tunaipenda methali isemayo, mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali ya kweli. Kila kitabu cha umma kimeandikwa katika leja, na mkaguzi anapokuja huhesabu. Kikipungua kimoja, huuliza, na anayeulizwa ni yule mwenye funguo. Mali ya serikali haifutwi katika leja kwa kupenda kwa karani. Hutakiwa ruhusa ya wenye mamlaka, na aliyepoteza kwa uzembe aweza kudaiwa. Kanuni hizo ni njema, maana bila hizo mali ya umma ingeliwa mchana. Lakini tazameni lile linalomjia moyoni mtu mwenye mshahara mdogo na funguo mkononi. Anajua ya kuwa akiazima vitabu 100 na 3 visirudi, ataandikiwa barua. Anajua vile vile ya kuwa asipoazima hata kimoja, hesabu itatimia na mkaguzi atamsifu. Basi afanyeje? Hufunga kabati.

Nalipata kuona chumba cha namna hiyo; mahali pake sitapataja. Vitabu vilikuwa vipya, vimepangwa vizuri, leja safi bila hata kosa moja. Ndani ya daftari la kuazima kurasa zilikuwa nyeupe. Mtunzaji wake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtumishi mwangalifu, aliyefanya lile alilofundishwa kwamba ni uaminifu. Huenda mtu akasema, akiba haiozi. Lakini kitabu kilichofungiwa huoza. Mchwa hukifikia, panya hukifikia, unyevu wa masika hukifikia, nayo maarifa yaliyomo huchakaa yakiwa bado hayajasomwa. Mwisho mkaguzi huhesabu majalada, akaona yametimia, naye hana njia katika leja yake ya kuandika watu walioondoka mlangoni bila kitabu.

Historia ya pande zetu ina mfano wa jambo hili. Mwaka 1871 Stanley alipofika Unyanyembe, katika safari ya kumtafuta Dr. Livingstone, alikuta hapo shehena ya mizigo ya Livingstone iliyotoka pwani, na pamoja nayo mfuko wa barua wenye tarehe 1 Novemba 1870. Mwenye barua alikuwa mbali upande wa magharibi, amekaa siku nyingi bila habari za kwao. Mizigo ilikuwa na walinzi, na barua zilikuwa salama. Vita ya Mirambo ilipoifunga njia, ndipo zilipozidi kukaa. Stanley aliuchukua mfuko ule na kuzunguka kwa njia ya kusini, akaukabidhi kwa mwenyewe huko Ujiji, barua zikiwa na umri wa mwaka mzima. Tembe la Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ambapo Livingstone alikaa mwaka 1872, sasa ni nyumba ya makumbusho. Mtu akienda huko na afikiri juu ya mfuko ule: kitu kilichoandikwa ili kisomwe, kimelindwa vema, na msomaji wake yuko Ujiji anangoja. Zamani zile vita ndiyo iliyofunga njia. Vitabu vyetu hakuna Mirambo anayevizuia. Huzuiwa na hofu ya leja.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Katika Ulaya ya zamani vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu, na katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, minyororo hiyo huonekana mpaka leo. Lakini hata wao walimruhusu msomaji aketi mbele ya mnyororo akasome. Kabati letu lililofungwa ni kali kuliko mnyororo wao.

Najua kuna atakayeuliza, je, tukiazima ovyo si vitabu vitakwisha? Tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Tuchukue mfano wa maktaba yenye vitabu 400, kila kimoja kikiazimwa mara 5 kwa mwaka. Hiyo ni mara 2,000. Tuseme vitabu 12 vikapotea, yaani 3 katika kila 100. Kwa kila kitabu kimoja kilichopotea, vitabu vimesomwa mara 166 na zaidi. Mfanyabiashara gani ataiita hasara hiyo? Na maktaba iliyofungwa, isiyopoteza hata kimoja, imesomwa mara ngapi? Hata mara moja haikusomwa. Hesabu yake imetimia, na faida yake ni sifuri.

Kwa hiyo dawa si kuitupa leja, wala si kumlaumu karani. Dawa ni kamati ichukue mzigo ambao mtu mmoja hawezi kuuchukua. Kamati itunge kanuni zilizoandikwa, izipeleke kwa Halmashauri na kwa wenye mamlaka wa maktaba zikubaliwe mapema, kabla kitabu cha kwanza hakijaazimwa. Ndani ya kanuni hizo upotevu utengwe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni uchakavu: kitabu kilichosomwa mpaka kikaisha kimemaliza kazi yake kwa heshima, nacho kiombewe ruhusa ya kufutwa mara moja kwa mwaka baada ya kuhesabu vyote. Fungu la pili ni kitabu ambacho msomaji hakukirudisha: aandikiwe barua, kisha atembelewe, na asiazime kingine mpaka arudishe au alipe. Fungu la tatu ni wizi na uzembe wa kweli, kama mlango ulioachwa wazi usiku. Hapo sheria ifuate njia yake. Karani aliyeandika kadi sawasawa na kutoa taarifa kila mwezi asidaiwe fungu la kwanza wala la pili. Akijua hivyo, atafungua kabati kwa moyo mweupe.

Tena taarifa ya mwaka ya kamati isianze na idadi ya vitabu vilivyomo. Ianze na idadi ya vitabu vilivyotoka. Mtu hufanya lile analopimwa kwalo, na karani akipimwa kwa kadi zilizojaa mihuri atajitahidi zijae.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa maombi matatu. La kwanza, chama hiki kiteue watu wawili watakaokuwa tayari kutumika katika kamati ya maktaba, watu wa kuhudhuria, si wa kuandikwa majina tu. La pili, kila mwanachama aliye na funguo za kabati la vitabu vya umma, iwe ofisini au shuleni, ahesabu mwezi huu vitabu vilivyomo na vilivyopata kusomwa, alete hesabu zote mbili katika mkutano ujao. La tatu, tusimcheke wala tusimtishe mwenzetu ambaye hesabu ya pili itakuwa ndogo. Tumuulize anaogopa nini, kisha tukae pamoja tuiandike kanuni itakayomwondolea hofu hiyo.