Barua ya Kazi Imefika: Mhitimu wa TEHAMA wa Kibiti Aikubali?

Mada kwa semina ya wahitimu wa TEHAMA na wazazi wao, Kata ya Dimani, Wilaya ya Kibiti



Nimeombwa nizungumzie mhitimu aliyepata barua ya kazi yake ya kwanza ya kompyuta: aikubali au aiache? Najua wapo humu wanaoguna kimoyomoyo: kazi zenyewe ziko wapi, hata mtu apewe akatae? Mimi pia, mara nyingi, nitamwambia aende. Lakini kijana wa Kibiti anayekwenda kuanza kazi Dar es Salaam huanza kwa kutumia fedha ambazo bado hajazipata, na fedha hizo ni za nyumbani. Barua hiyo basi isomwe na wale watakaoigharamia, kalamu mkononi, kabla haijasainiwa.

Mshahara wa kwenye barua na mshahara wa mkononi

Tuchukue mfano. Barua imetaja mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi kabla ya makato. Sehemu ya mfanyakazi katika mchango wa NSSF kwa kawaida ni asilimia 10, yaani 60,000. Zinabaki 540,000 za kutozwa kodi. Kodi ya mapato ya mshahara haigusi shilingi 270,000 za kwanza; kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kinachozidi hapo, mpaka 760,000, ni asilimia 20. Kwa mfano wetu kodi inakuwa 24,000. Kama kijana alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 90,000. Anachopokea ni 426,000.

Sasa tumpeleke mjini. Mabasi yetu yanashushia Mbagala, na wengi hupanga hukohuko. Tuseme chumba ni 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita, wengine ya mwaka. Hiyo ni 420,000 kabla hajanunua godoro, ndoo wala jiko. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Nauli na chakula cha siku 30 za kwanza navyo vinasubiri, kwa kuwa mshahara hulipwa mwisho wa mwezi, na wapo waajiri ambao mwezi wa kwanza huchelewa wakisema jina halijaingia kwenye mfumo. Kwa hesabu ya haraka, kazi ya 600,000 inamtaka mtoto aondoke nyumbani na zaidi ya 600,000.

Zinatoka wapi? Hapa ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize. Minada ya korosho huanza Oktoba. Barua ikifika Aprili, mvua za masika zinanyesha, ghala ni tupu na chama cha msingi hakina cha kukulipa. Mzazi asiyetaka mwanawe aikose bahati anafanya lile tunalolijua: anauza kangomba, korosho zikiwa bado ni maua au hazijawa hata hayo, kwa bei ya mtu mwenye shida. Msimu ukifika, mkorosho ni wake ila mavuno ni ya mwingine. Kazi ya mwanawe imeanza kwa deni la msimu mzima, na deni hilo halionekani popote kwenye ile barua.

Sisemi mtoto azuiwe. Nasema mwajiri aulizwe. Je, tarehe ya kuripoti inaweza kusogezwa? Kuna malipo ya awali ya kujikimu? Na nyumbani tuulizane: kuna ndugu wa Mbagala au Chamazi anayeweza kumpokea kwa miezi mitatu? Mwajiri anayekasirika kwa kuulizwa tarehe ya kulipwa mshahara amekwisha kukuonyesha tabia yake. Na mtu anayekudai fedha za fomu, za sare au za mafunzo ili akupe kazi, huyo si mwajiri. Msimtumie hata shilingi moja, hata kama barua yake ina mhuri na nembo.

Kazi yenyewe ni ipi

Cheo kisiwadanganye. Nimeona tangazo la "Afisa TEHAMA" ambalo kazi yake ilikuwa kusajili laini barabarani chini ya mwavuli, kwa kamisheni. Kusajili laini ni kazi ya halali, na anayeitaka aifanye kwa jina lake. Aliyesoma mitandao ya kompyuta miaka mitatu ana haki ya kujua kama ataigusa.

Kwenye usaili, anapoambiwa kama ana swali, kijana wetu kwa kawaida anajibu hana, kwa adabu. Awe nalo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Aulize: siku zile ofisi yenu ilifanyaje, na kijana aliyekuwa mgeni kazini alipewa kazi gani? Akiambiwa walihamia njia nyingine, na kwamba mgeni alikaa na mkubwa wake wakipanga upya mipangilio ya ruta, hapo kuna mtu wa kumfundisha. Akiambiwa mgeni alikuwa akipokea simu na kujibu "mtandao uko chini", ajue atakuwa nani mwaka mzima.

Na kwa kipimo hichohicho msidharau kazi ya hapa wilayani. Vituo vya afya vinatumia GoTHOMIS kumpokea mgonjwa, kuandika dawa na kutoza malipo. Ushuru wa halmashauri unakusanywa kwa mashine za POS. Leseni ya biashara inaombwa kwa mfumo wa TAUSI. Kila kimoja kinahitaji fundi. Anayehudumia vituo vya visiwani kwenye delta ya Rufiji anasubiri maji yajae ndipo boti ipite, anafika na kukuta umeme umekatika, betri imechoka, na muuguzi ameandika wagonjwa wa siku nzima kwenye daftari. Asipotengeneza yeye, hakuna wa kumpigia simu aje. Mtu wa namna hiyo akikaa mwaka mmoja anajua umeme, waya, kanzidata na watu. Kwa ujuzi, mimi ningemchagua kabla ya aliyekaa mwaka kwenye kiti cha kuzunguka pale Posta.

Ila kazi nyingi za hapa zinaitwa kujitolea, na kujitolea hakuna mshahara. Anayejitolea aweke mwisho tangu mwanzo, miezi sita kwa mfano, na adai barua inayotaja alichokifanya. Wanaokataa kazi za watu binafsi wakisubiri kuitwa serikalini na Sekretarieti ya Ajira nawaambia waziwazi kwamba wanakosea. Maombi ya Utumishi yanatumwa hata ukiwa kazini, na usaili unaombewa ruhusa.

Maandishi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: kazi yenyewe, mahali, saa, aina na muda wa mkataba, malipo na namna yanavyokokotolewa. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Kazi ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kuna jambo vijana hawalijui: ambaye hajatimiza miezi sita hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Ndiyo maana nasema msilipe kodi ya mwaka mzima kama mwenye nyumba anakubali ya miezi sita.

Vyeti halisi vionyeshwe, vinakiliwe, virudi kwenye bahasha yako siku hiyohiyo. Wadhamini nao wasome wanachosaini. Mjomba anayeitwa kutoka Dimani kumdhamini mpwawe aulize kama anathibitisha tabia tu, au anakubali kulipa kompyuta mpakato ikiibwa kwenye daladala. Hizo ni dhamana mbili tofauti, na nyingine huandikwa kwa Kiingereza.

Mwenyekiti, naomba nisimalize kwa hotuba. Kama kuna mwenye barua ya kazi, iwe kwenye karatasi au kwenye simu, aje nayo hapa mbele baada ya chai, na mzazi wake akiwepo. Tutaisoma kifungu kwa kifungu na kupiga hesabu yake kwa sauti.