Mvua ya Siku Moja, Hasara ya Mwezi Mzima

Mazungumzo kwa wakazi wa Ziwa la Ng'ombe kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa



Jina la mtaa huu lina maji ndani yake. Nyumba zimeongezeka na ploti zimebanana, lakini bonde halijahama. Mvua ikinyesha, maji huelekea kulekule yalikokuwa yakielekea zamani, na yakikuta ukuta au mtaro uliozibwa, huingia ndani.

Wazee wanaikumbuka mvua ya El Niño ya 1997. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kipimo cha mvua kubwa. Tangu hapo Mombasa imefurika Oktoba 2006, Mei 2017 na Novemba 2023, na hizo ni chache tu kati ya nyingi. Katikati ulikuja ukame. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana katika maeneo mengi ya mashariki na kaskazini mwa Kenya, na mifugo ikafa Kilifi, Kwale na Tana River. Hata mtu wa mjini asiye na ng'ombe wala shamba aliuona ukame huo kwenye bei ya unga na maziwa. Kisha vuli ya 2023 ikaja na mafuriko. Masika ya 2024 yakafuata, ambapo zaidi ya watu 290 walipoteza maisha nchini, na mapema Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kikapiga pwani ya Tanzania karibu na kisiwa cha Mafia, huku wavuvi wa Pwani ya Kenya wakionywa wasiingie baharini.

Kwa nini hali imekuwa hivi? Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka. Mvuke huo unapoanguka, huanguka kwa kishindo. Tena, Bahari Hindi ikipata joto zaidi upande wa Afrika kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli huzidi. Mwaka 2023 hali hiyo ilikutana na El Niño. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walichunguza mvua hizo wakaona kwamba ongezeko la joto duniani liliziongezea nguvu, pengine hadi mara mbili. Kundi hilohilo lilikuwa limesema kuwa ukame uliotangulia uliwezekana mara 100 zaidi kwa sababu ya joto hilo. Yaani joto moja hukausha ardhi msimu huu na kuifurisha msimu ujao.

Kenya inachangia chini ya asilimia 0.1 ya hewa chafu inayosababisha joto hilo duniani. Hata hivyo, maji hayaulizi nani alikosa.

Kinachomuumiza mkazi wa mtaa kama huu ni kiasi cha mvua kinachoanguka kwa saa chache, hata kama jumla ya msimu mzima si kubwa. Mama anayechoma mahamri alfajiri hupoteza unga uliolowa, makaa na wateja wa siku tatu, lakini kodi ya nyumba haipungui. Kijana wa bodaboda hukaa kitako kwa sababu barabara haipitiki. Mwanafunzi hukosa shule kwa kuwa sare na vitabu vimeloa. Mvua ya siku moja huacha deni la mwezi.

Maji yakishuka, maradhi hupanda. Nyumba nyingi za bara hutegemea visima, kwa sababu maji ya mfereji hayatoshi. Chini kuna mwamba wa matumbawe wenye vinyweleo, na choo cha shimo kikijaa, uchafu hupenya hadi kisimani. Kipindupindu hupata njia hapo. Nayo maji yanayobaki kwenye matairi na ndoo huzalisha mbu wa dengi na chikungunya, homa iliyosumbua Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018.

Basi kazi ni ya nani? Kuchimba na kuzibua mitaro mikubwa na kuondoa taka ni wajibu wa serikali ya kaunti, na mwananchi ana haki ya kuudai. Hakuna familia inayoweza kuchimba mtaro wa mtaa mzima kwa jembe la nyumbani. Lakini hakuna mtaro, hata uwe mpana namna gani, unaoweza kuhimili pampasi, chupa na vifusi vinavyotupwa ndani kila usiku. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Taka nyingine bado zipo. Anayetupa juu hapati mafuriko yeye. Humpata jirani wa chini.

Lipo pia jambo zito zaidi: nyumba zilizojengwa juu ya njia za maji. Wengi waliomo ni wapangaji, au watu walionunua ploti kwa nia njema. Suala hilo halimalizwi kwa fujo wala kwa kunyamaza. Linahitaji wenye nyumba, wapangaji, machifu, wazee wa mtaa na maafisa wa mipango wakae pamoja kabla ya mvua. Mlango upo: kupitia mpango wa FLLoCA, fedha za tabianchi hupitia kaunti, na kamati za wadi hukusanya maoni kuhusu miradi ya kupewa kipaumbele. Mkutano wa wadi ukihudhuriwa na watu kumi, hao kumi ndio watakaoamua mtaro upite wapi.

Kwa msimu unaokuja, kila nyumba inaweza kufanya haya:

Kusikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kupitia redio au simu, na kumpa habari jirani asiye na simu.

Kuweka vitambulisho, vyeti na dawa ndani ya mfuko usiopenya maji, mahali pa juu.

Kuzima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia, na kutogusa waya ulioanguka.

Kutomruhusu mtoto kuvuka maji yanayokwenda kasi. Maji ya kimo cha kifundo cha mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Kuchemsha maji ya kisima baada ya mafuriko, na kumwaga maji yaliyotuama.

Kujua mapema nani atambeba bibi asiyeweza kutembea, na atapelekwa wapi.

Kupiga simu ya dharura 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, hatari ikitokea.

Ndugu wakazi, mvua itakuja, na hakuna kaunti inayoweza kuizuia. Swali ni itaikuta mitaro ya Ziwa la Ng'ombe katika hali gani, na itamkuta nani peke yake. Jibu la swali hilo linaanza leo, jua likiwa linawaka.