Nyonga Ikiuma, Tusikimbilie Kukandwa

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe

Leo tunazungumza juu ya nyonga, maana karibu kila kikundi tunachokitembelea yuko mmoja anayechechemea. Huyu anasukuma mkokoteni, yule anabeba magunia, mwingine ni kijana wa mpira. Wote jawabu lao ni moja: "Ni baridi tu, nitakandwa."

Tuelewane kwanza. Nyonga ni mfupa wa duara unaozunguka ndani ya kikombe cha mfupa. Juu ya mifupa hiyo kuna gegedu, laini na telezi, kama ile nyeupe unayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Mdomo wa kikombe nao una ukingo wa gegedu. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hivyo ikichanika haiponi upesi kama kidonda cha ngozi. Mara nyingi maumivu huja kwenye kinena, na pengine nyonga hukwama.

Basi fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, yasaidia nini? Inaimarisha misuli ya makalio, tumbo na mapaja ili nyonga isibebe mzigo peke yake. Uchunguzi wa wagonjwa 348 uliotangazwa Uingereza mwaka 2018 ulilinganisha upasuaji na tiba hii, kwa watu ambao mifupa ya nyonga inabanana. Waliopasuliwa walipata nafuu zaidi, lakini waliofanya mazoezi nao walipata nafuu. Kwa wengi wetu mazoezi ndiyo mlango wa kwanza.

Mtaalamu akishakupima, anaweza kukupa mazoezi kama haya:
1. Lala chali mkekani, kunja magoti, inua makalio, hesabu mpaka 5, shusha.
2. Lala kwa ubavu mzima, inua mguu wa juu polepole.
3. Inuka kitini bila kushika kitu.

Uchungu kidogo si neno. Ukizidi mpaka asubuhi ya pili, punguza. Mkongojo ushike kwa mkono wa upande usiouma. Na mama anayekuna nazi, mbuzi iko chini sana, nyonga inabanwa. Omba mwenzako akune, wewe kaa kwenye kiti kirefu.

Lakini sikieni: mzee akianguka asiweze kusimama, mtoto akichechemea na ana homa, au mwenye selimundu akiumwa nyonga, msimkande. Hospitali siku hiyo hiyo.

Tiba ya viungo iko Hospitali Kuu ya Pwani, na APDK, chama kilichoanza 1958, wako Port Reitz. Taabu ni kwamba watu huenda mara mbili, uchungu ukipungua kidogo au nauli ikiisha, wanaacha. Misuli haijengeki kwa siku mbili. Inataka wiki 6 mpaka 12. Feri ya Likoni kwa mwenda miguu ni bure, matatu si bure. Kwa hivyo tunawaomba kila kikundi kitenge nauli kidogo katika mchango wa mwezi, na kabla ya mkutano mgonjwa afanye mazoezi yake pale pale, wenzake wakimhesabia.

Mkono mmoja haulei mwana.