Hilo Si Jiwe Tu

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga samaki wa baharini nyumbani, ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Humo hutia vipande vya mwamba wa matumbawe vilivyotolewa baharini vikiwa bado vibichi, na huvinunua kwa kilo. Wao huuita mwamba hai. Katika vitundu vyake wamo bakteria wanaosafisha maji kwa kuigeuza sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki.

Lakini mwamba huo hauji peke yake. Usiku taa zikizimwa, wageni hutoka. Kuna mnyoo mwenye vinyweleo viwashavyo kama upupu. Kuna mdudu afananaye na kamba, mwenye mikono kama nyundo, apasuaye gamba la kome. Mwenye tangi hushtuka, akataka kuua wote. Wazoefu humwambia: subiri, kwanza umtambue. Mmulike kwa kurunzi yenye mwanga mwekundu asikimbie, tazama miguu yake, tazama anakula nini. Mara nyingi yule mnyoo huwa ni mfagiaji tu, anakula mabaki yanayooza. Mwenye nyundo ndiye wa kuhamishwa.

Nasema haya kwa sababu miamba ya namna hiyo tunayo, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma. Kwa miaka mingi katika Ghuba ya Mikindani matumbawe yalichimbwa, yakachomwa kwa kuni yawe chokaa ya kujengea. Baruti za wavuvi nazo zikabomoa kwingine. Najua mchoma chokaa naye ana watoto wa kulisha. Lakini nani aliuliza ni viumbe gani wanaokaa ndani ya jiwe lile kabla ya kulitia moto?

Wajuzi tunao. Kina mama wanaoshuka mwambani maji yakipwa hulitambua pango la pweza kwa maganda ya kaa na kome yaliyotupwa mlangoni. Hiyo ni elimu kamili, ila haijaingia darasani.

Chukueni mfano wa konokono wa baharini mwenye gamba la umbo la pia, lenye madoa mazuri. Mtoto akimwona humwokota. Kumbe wamo katika jamii hiyo, hata katika Bahari ya Hindi, wenye mshale wa sumu iliyokwisha kuua watu. Asiyemjua huumia. Lakini waliomchunguza wamefaidika: kutokana na sumu ya mmoja wa jamii hiyo wataalamu walijifunza kutengeneza dawa ya maumivu makali, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004.

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ina kilometa za mraba 650. Sheria ipo, lakini askari hawezi kusimama juu ya kila jiwe. Mtu hulinda anachokijua.

Kwa hiyo rai yangu kwa walimu wa Mtwara ni hii: maji yakipwa, wapelekeni watoto pwani pamoja na bibi mmoja anayeyajua mapango ya pweza. Waandike majina ya viumbe wale kwa Kimakonde na kwa Kiswahili, pamoja na kazi ya kila mmoja. Mtoto aliyeandika majina 20 ya wakazi wa jiwe moja hatakuwa mwepesi wa kulitia moto.

Tukutane wiki ijayo.